Majivu Si Aibu

Liko neno moja linalosemwa sana siku hizi katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa, nalo ni hili: kwamba nyumba isiyo na sabuni ya unga ya kipakiti, na jiki, na dawa ya sakafu yenye harufu ya maua, ni nyumba ya wachafu. Wakilisema wauzaji, si ajabu, maana mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Wakilisema vijana watokao mjini, nalo si ajabu sana, kwa kuwa msafiri hupenda kuonyesha alikotoka. Ajabu ni kwamba sasa lasemwa na akina mama wenyewe, ambao bibi zao waliwavika watoto nguo nyeupe siku za sikukuu pasipo kuyajua hata majina ya vitu hivyo. Nataka kulipinga neno hili, kwa kuwa ni uongo, tena ni uongo wenye gharama.

Asije mtu akanifahamu vibaya. Sisemi tuache sabuni. Sabuni ni kitu chema, na mkono uliooshwa kwa sabuni kabla ya kula umewaokoa watoto wengi. Nasema mambo matatu tu. La kwanza, usafi haumo katika harufu wala katika povu. La pili, vitu vingi vya kusafishia tunavyo nyumbani na shambani, nasi twavidharau. La tatu, dawa kali za dukani zina mahali pake, wala mahali pake si kila chombo na kila siku.

Na tuanze kwa kuuliza: kusafisha ni nini? Uchafu wa nyumbani una namna tatu. Kuna vumbi na udongo. Huu huondoka kwa maji, kwa ufagio wa chelewa, na kwa kusugua. Kuna mafuta, ya chakula na ya jasho. Haya hayapatani na maji, ndiyo maana sufuria ya pilau ukiimwagia maji matupu yateleza tu juu yake. Na kuna madoa, yaani rangi iliyoingia ndani ya uzi wa nguo: damu, kutu, chai, utomvu. Kila namna ina njia yake. Mtu atakaye kuziondoa zote tatu kwa kumwaga unga mwingi zaidi ni kama mganga atoaye kidonge kimoja kwa homa, kwa jipu na kwa jino.

Sabuni kazi yake ni kwa ile namna ya pili. Upande mmoja hushika mafuta, upande wa pili hushika maji, na hivyo mafuta huchukuliwa na maji yakaenda zake. Hiyo ndiyo siri yake yote. Povu si kipimo cha kazi hiyo. Povu likijaa beseni, mama hufurahi. Lakini nguo haioshwi na povu, huoshwa na maji na mkono. Tena povu lililozidi hutaka maji mengi ya kusuuza, na katika miezi ya kiangazi, kisima kikiwa mbali, kila ndoo ina shingo iliyoibeba.

Sasa tuyaangalie majivu, ambayo wengi huyaona kuwa alama ya ufukara. Majivu ya kuni ngumu, ya magunzi ya mahindi, na ya maganda ya ndizi, yana chumvi iitwayo potasi. Ukiyatia maji na kuyachuja kwa kitambaa, wapata maji yenye utelezi. Utelezi ule ndio nguvu yenyewe. Bibi alipochukua majivu akasugua sufuria yenye mafuta, alifanya kazi mbili kwa mara moja: chembe za majivu zilikwangua masizi, na potasi ikageuza sehemu ya mafuta yale kuwa sabuni palepale juu ya chombo. Yeye hakusoma elimu ya kemia, lakini kazi yake ilikuwa ya elimu. Mtoto wa shule amchekaye bibi kwa majivu yake angepaswa kwanza kuliuliza daftari lake.

Liko na jambo jingine. Visima vingine vina maji ya chokaa ambayo sabuni haitoi povu ndani yake, bali huganda ikawa utando mweupe, na nguo zikawa ngumu. Hapo watu husema sabuni ya mche imekwisha nguvu, wakakimbilia unga wa kipakiti. Ni kweli unga ule hufanya kazi katika maji ya namna hiyo kuliko sabuni ya mche. Haki yake tumpe. Lakini ukitia maji kidogo ya majivu yaliyochujwa, au magadi kidogo, katika ndoo kabla ya kufua, ile chokaa huganda ikazama chini, na sabuni ya mche hurudi kufanya kazi yake. Magadi haya ni yale yale yapatikanayo katika Ziwa Magadi huko Kenya na katika Ziwa Natron upande wetu. Si kitu kipya. Msomaji akifungua kitabu cha Yeremia, mlango wa 2, mstari wa 22, atakuta magadi na sabuni vimetajwa pamoja, ishara ya kwamba wafuaji wa zamani walivijua vyote viwili.

Tukienda mbele twakuta mti wa msasa. Majani yake hukwaruza, nayo yamesugua meza na vyungu miaka mingi kabla ya karatasi ya msasa kuja madukani. Karatasi ile iliazima jina la mti, si mti ulioazima jina la karatasi. Yako makumbi ya nazi, liko dodoki litambaalo kwenye ua. Leo mama hununua nyuzi za chuma za kusugulia, ambazo huacha vipande katika sufuria na kutu katika beseni, na dodoki kavu laning'inia nje likichezewa na kuku.

Uko mpapai. Majani yake mabichi yakipondwa katika maji yametumika pwani nzima ya Afrika Mashariki kufulia nguo na kuondoa madoa. Sababu yake yajulikana: ndani ya mpapai mna kitu kinachomeng'enya nyama, ndiyo maana mpishi hufunga nyama ngumu katika majani yake. Basi doa la damu au la maziwa ni jamaa ya nyama, nalo hulegea vivyo hivyo. Lakini hapa pana sharti. Doa la damu lianze kwa maji baridi na chumvi. Ukilimwagia maji ya moto, umelipika, nalo halitoki tena.

Uko mndimu. Maji ya ndimu na chumvi juu ya doa la kutu, kisha nguo ikaanikwa juani, kutu hufifia na mara nyingi hutoka kabisa. Ndimu hung'arisha shaba, na huondoa harufu ya samaki katika mikono na ubao wa kukatia. Doa la bibo, najua wasomaji wangu wa mikoroshoni mtaniuliza, ni gumu kuliko yote, na nisingependa kuwadanganya: njia iliyo bora ni nguo moja ya kazi isiyovaliwa mahali pengine. Nguo ya kupulizia salfa juu ya mikorosho nayo ifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

Juu ya vyote hivyo liko jua, ambalo halina kipakiti wala bei. Nguo nyeupe iliyolowa, ikianikwa katika jua kali, huzidi weupe. Godoro na mablanketi yakianikwa, harufu na unyevu hutoka. Kunguni huchukia maji yanayochemka kuliko dawa nyingi zinazouzwa kwa jina lao. Ila nguo zisianikwe chini ardhini wala kivulini, maana yuko inzi atagaye mayai katika nguo mbichi, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mtoto yakafanya majipu. Anikeni juu ya kamba penye jua, kisha pigeni pasi, hasa nepi na mishono ya nguo. Moto wa pasi ya makaa huyaua mayai yale.

Basi kama vitu hivi tunavyo, mbona twavidharau? Nadhani ni kwa sababu tumefundishwa kwamba kitu chenye picha na jina kina akili, na kitu kitokacho jikoni hakina. Huu ni utumwa wa macho. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena sisi wa Nachingwea ilitupasa kuwa wa mwisho kudanganyika katika jambo hili, maana nchi yetu ina habari yake. Vita Kuu ya pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta, na mafuta ndiyo asili ya majarini na ya sabuni pia. Sabuni kwao ilitolewa kwa kadi na kwa kipimo tangu Februari 1942 hata Septemba 1950. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, watengenezaji wakubwa wa sabuni na majarini, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ikalikubali. Zikapangwa ekari 3,210,000, sehemu iliyo kubwa katika Tanganyika, na kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na hapa Nachingwea. Pori likang'olewa kwa matrekta, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa mpaka kwetu. Januari 1951 shauri lile likaachwa, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962.

Mafunzo ya habari hii ni mengi, lakini mimi nataka moja tu. Watu wale waliotoka mbali walijua kwamba sabuni huzaliwa shambani. Sisi tuliobaki juu ya shamba lile lile ndio tunaodhani kwamba huzaliwa dukani. Tunavuna ufuta, tunavuna karanga, na nazi zatoka Lindi si mbali nasi. Ufuta huondoka kwetu ukiwa ghafi katika magunia. Kisha fedha yake hurudi dukani kununua sabuni iliyosafiri kuliko sisi wenyewe.

Na fedha hiyo si kidogo. Kila mtu na ahesabu ya nyumba yake. Tuseme nyumba moja hutumia vipakiti vya shilingi 500 kila siku ya pili. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 91,000. Haionekani, kwa sababu hutoka kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si chetu. Wakati wa mnada wa korosho watu huona fedha nyingi, na ndipo kila chupa ya rangi huingia nyumbani. Mwezi wa Machi ukifika, mtoto akirudishwa kwa kukosa daftari, hakuna akumbukaye ile dawa ya sakafu iliyomwagwa juu ya sakafu ya udongo, ambayo haikuihitaji.

Hata kipakiti chenyewe hakifi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku katika Tanzania, nasi tuliona vijiji vikitakata. Lakini vipakiti vya sabuni havikuhusika na marufuku ile, nanyi mwavijua vilipo: vimelala kando ya kila kisima na kila bwawa la kufulia, masika yakija vyachukuliwa na mito. Tumeleta kitu cha kusafishia, tukachafua nacho mahali pa kuchotea maji.

Sasa nafika penye jambo lililo zito zaidi, nalo si la fedha. Ni la watoto. Jiki, kostiki na asidi ya chooni hununuliwa kwa wingi, kisha hugawanywa katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Chupa ile huwekwa chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili aijua chupa ya soda, hajui lililomo. Kostiki ikipita kooni huunguza njia ya chakula, na akipona aweza kubaki na koo lililosinyaa maisha yake yote. Nawasihi, wazazi: dawa isitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji, na iwekwe juu, imefungwa. Ikiwa msiba umetokea, msimlazimishe mtoto kutapika, maana kile kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mwosheni kinywa, mchukueni hospitali upesi, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili mganga aione.

Tena watu huchanganya. Hudhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Jiki ikichanganywa na asidi ya chooni, au siki, au maji ya ndimu, hutoa hewa ya klorini, na hewa hii ndiyo iliyoachiliwa juu ya askari karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji tarehe 22 Aprili 1915, wakafa kwa kukosa pumzi. Jiki ikimwagwa chooni penye mkojo mwingi, hutoa hewa nyingine mbaya ichomayo macho na kifua. Mama ainamaye katika choo kidogo kisicho na dirisha, akisugua huku akikohoa, hufikiri kukohoa ndiko kusafisha. Siko!

Na madumu ya dawa za mikorosho je? Ziko nyumba zinazoyaosha na kuyatia maji ya kunywa. Nasema wazi: hakuna sabuni, wala majivu, wala mchanga uwezao kulisafisha dumu la dawa ya wadudu hata lifae kwa maji ya watu. Litobolewe lisitumike tena.

Hapa najua wako watakaosimama kunijibu, na majibu yao yastahili kusikilizwa.

Wa kwanza atasema, "Mwalimu, wataka kuturudisha nyuma. Wenzetu wanakwenda mbele." Namjibu: kwenda mbele ni kujua sababu ya kitu. Mtu amwagaye unga asiojua umetengenezwa na nini, kwa kipimo asichokijua, kwa sababu jirani amefanya hivyo, hajakwenda mbele hata hatua moja. Yule ajuaye kwa nini majivu hulainisha maji ya kisima ndiye aliyesoma.

Wa pili atasema, "Unga huokoa wakati, na mimi nina shamba na watoto." Hili ni neno la kweli, nami silichezei, maana aghalabu wanaume ndio wanaosifu njia za zamani na wanawake ndio wanaozifanya. Basi baba na wavulana na wachote maji, wachuje majivu, wasuuze mablanketi mazito. Shauri langu likiwa ni la kumwongezea mama mzigo tu, litupeni.

Wa tatu ni rafiki yangu mwenye hatari zaidi, kwa kuwa anikubali mno. Yeye asema, "Kweli kabisa, kila kitu cha asili ni salama, na kila dawa ya kiwandani ni sumu." Huyu naye amekosa. Utupa ni mmea wa asili, nao huua samaki wote katika bwawa, wakubwa na wadogo. Mafuta ya ganda la korosho ni ya asili, nayo yameunguza vidole vya wabanguaji wengi. Huko Ethiopia watu walifua nguo kwa matunda ya mmea uitwao endod. Mwaka 1964, katika mji wa Adwa, mtaalamu Aklilu Lemma aliona kwamba chini kidogo ya mahali pa kufulia konokono wengi wamekufa, kumbe maji ya endod ndiyo yaliyowaua. Kwa kuwa konokono wa namna ile hubeba kichocho, akaona hapo njia ya kupigana na ugonjwa. Ni habari njema. Lakini yafundisha pia kwamba sabuni ya porini yaweza kuua. Mmea usioujua usifulie nguo ya mtoto wako. Na maji ya majivu yaliyo makali huunguza macho, tena hula sufuria ya alumini yakilazwa ndani yake. Yawekwe katika chungu au ndoo ya plastiki.

Ndugu huyu pia husoma mashauri katika simu yake, na moja lisambaalo sana ni kuchanganya siki na magadi ya mandazi. Povu hutoka kwa kishindo, watu wakastaajabu. Lakini asidi na magadi vikikutana huuana. Kinachobaki ni maji ya chumvi tu. Tumia kimoja leo na kingine kesho, nawe utapata faida ya vyote viwili. Kadhalika wako wanaouza mjini "sabuni ya asili" katika chupa nzuri kwa bei kubwa kuliko ile ya kiwandani. Hiyo ni ngoma ile ile, aliyeiwamba ndiye mwingine.

Je, dawa za dukani hazina mahali? Zina mahali. Kipindupindu kikiingia kijijini, fuateni neno la watu wa afya: matapishi na kinyesi na vyombo vya mgonjwa vyataka klorini, wala msiniletee ndimu hapo. Hospitali na chumba cha kuzalia vyataka dawa ya kuua vijidudu. Maji ya kunywa ya shaka yachemshwe au yatiwe dawa yake kwa kipimo kilichoandikwa. Mikono ioshwe kwa sabuni. Majivu ni ya wakati sabuni haipo, si ya kuishinda sabuni. Dawa kali ni kama askari: mtu humwita palipo na vita, hamlazi sebuleni kila usiku.

Sasa mtauliza, tufanye nini? Nawapa njia moja iliyo ya kazi. Vikundi vya akina mama na shule zetu viweza kutengeneza sabuni. Mafuta yoyote ya mimea yakikutana na maji makali ya magadi hugeuka kuwa sabuni. Njia ya zamani ni maji mazito ya majivu: yakiwa mazito hata yai bichi likaelea na kuonyesha juu sehemu ya ukubwa wa sarafu, yafaa kuchemshwa pamoja na mafuta mpaka yagande. Sabuni yake ni laini, ya rangi ya udongo, nayo hufua.

Njia ya sasa ni ya kostiki, lakini kwa mizani, si kwa kukadiria. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hutaka gramu zipatazo 175 za kostiki. Kilo 1 ya mafuta ya ufuta au ya karanga hutaka gramu 130 hivi tu. Atumiaye kipimo cha nazi kwa mafuta ya ufuta atapata sabuni iunguzayo mikono, kisha atalaumu ufuta. Mafuta ya nazi hutoa povu na ugumu, ya ufuta na karanga hutoa ulaini; vikichanganywa vyafaa zaidi, kila kimoja kwa hesabu yake. Kostiki hutiwa katika maji, wala maji hayatiwi juu ya kostiki, maana yataruka. Chombo kisiwe cha alumini, macho yafunikwe, watoto wawe mbali, na mtu wa kwanza kufundisha awe mtu aliyefundishwa. Sabuni ikishakatwa ikae majuma manne hata sita ikauke. Ikiwa kipimo kilikuwa cha haki, kostiki yote imekwisha ndani ya mafuta, haikubaki ya kumdhuru mtu. Mwaona basi kwamba vita yangu si juu ya kemia. Vita yangu ni juu ya ujinga unaouzwa kwa rejareja.

Nanyi waalimu wenzangu, twaweza kufanya neno. Majivu, ndimu, magadi na mafuta ya ufuta ni somo la sayansi lisilohitaji chombo kutoka mbali. Mtoto aliyeona kwa macho yake maji ya kisima yakilainika kwa majivu hatalisahau somo lile. Wenye maduka nao wana sehemu yao: wasigawe kostiki katika chupa za soda, na wamwambie mnunuzi kwamba jiki haichanganywi. Na sisi sote tunapofua, tuchote maji tufulie mbali na kisima na bwawa, ili povu lisirudi katika mtungi wa jirani, na miguu ya watoto isisimame katika maji ya kichocho.

Katika nyumba ya jivu lililochujwa na nguo iliyopigwa pasi hamna ufukara. Ufukara umo katika kuuza gunia la ufuta na kununua kipande cha sabuni, huku ukimwonea aibu mama aliyejua njia ya kukitoa kimoja katika kingine. Nguo zetu na ziwe safi. Na kwanza tuufue ule wazo kwamba akili zote hutoka dukani.